"Baba anatafuta amani, msipige kelele"

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wako kwa muda mrefu na sikudhani nami nitakuja kukuandikia. Nina miaka 44, nina mke na watoto watatu. Mkubwa ana miaka 14, wa mwisho 6. Kazi ninayo, madeni ya kutisha sina, mke wangu si mgomvi, na watoto wana utundu wa kawaida tu wa watoto. Ukiniuliza nimepungukiwa na nini, nitatafuta cha kujibu nikikose. Ila moyo hautulii.

Ilianza kama miaka miwili iliyopita. Nikawa nashtuliwa na vitu vidogo: simu ikiita, mlango ukibamizwa, kijiko kikigonga kikombe. Kazini nikawa nasoma barua pepe moja mara tatu bila kuielewa. Usiku nalala, lakini kichwa hakilali. Rafiki mmoja akanishauri nijifunze kutafakari: nikae kimya asubuhi, nifuate pumzi inavyoingia na kutoka. Nikajaribu. Siku za mwanzo, sikufichi, ilikuwa kama mtu kanitua mzigo kichwani. Nilikaa dakika 10 tu, nikainuka mwepesi.

Nikasema, kama dakika 10 zinafanya hivi, saa nzima itafanya nini? Sasa naamka saa kumi na nusu alfajiri. Kuna chumba kidogo tulichokuwa tunawekea vitu visivyotumika. Nimekiondoa kila kitu, kimebaki na mto wa kukalia na taa moja. Nafunga mlango. Jioni nikirudi kazini narudia tena nusu saa. Simu nimeitoa mlio. Kwenye kundi la familia nimejitoa, maana lilikuwa linalia kutwa kucha. Usiku, watoto wakishalala, ndipo nyumba inapokuwa kimya kweli, kwa hiyo nabaki sebuleni peke yangu nakifaidi kile kimya. Kitandani sifiki kabla ya saa sita.

Tatizo ni kwamba amani yangu inaishia mlangoni. Mle ndani niko sawa. Nikitoka, hatua tatu hazijaisha, mtu anaburuza ndala, mwingine anaita "mamaa!" kutoka chumba cha mwisho, na mimi damu imeshapanda.

Wiki iliyopita mdogo wetu aligonga mlango nikiwa nimekaa. Nilifungua nikafoka: "Si nimesema nisisumbuliwe!" Alikuwa amekuja kunionyesha jino lake lililong'oka. Lilikuwa kwenye kiganja. Akaniangalia, akafumba mkono, akaondoka. Hakulia hata. Nami nikarudi kukaa, nikafumba macho, nikaendelea na zoezi. Naandika hili kwa aibu.

Kesho yake nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango ule, mwandiko wa binti yangu mkubwa: BABA ANATAFUTA AMANI. MSIPIGE KELELE. Sijui ni utani, ni kejeli, au alikuwa anawaonya wenzake kwa nia njema. Sijamuuliza. Wala sijaibandua.

Sasa nimepata nafasi kwenye kambi ya ukimya ya siku 10. Hakuna kuongea, simu unaikabidhi siku ya kwanza. Inaanza wiki tatu zijazo. Niliomba bila kumwambia mke wangu kwa sababu nilijua atapinga. Nilipomwambia hakupinga. Alisema tu: "Nenda. Ila ukirudi usije kutufundisha kupumua." Halafu akanikumbusha kwamba siku hizo hizo ndugu zangu wanakuja kwetu, kwa kuwa baba anatimiza miaka miwili tangu atutoke, na kwamba atawapokea mwenyewe. Nilikuwa nimesahau. Au sijui kama ni kusahau.

Kuna na wazo jingine ambalo mke wangu halijui. Nafikiria kupanga chumba karibu na kazini, niwe nalala huko siku mbili tatu kwa wiki. Sio kwamba nawakimbia. Nahisi nikishaipata amani kwanza, nitarudi nikiwa baba bora.

Niende kambini? Nipange chumba? Au nikubali tu kwamba amani ni ya watu wasio na familia?

Wa Nyuma ya Mlango

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Mara ya pili sikuweza kuvuka ule mkono wa mtoto unaofumba. Nataka uanze kwa kujua kwamba hukulazimika kuniandikia habari ya jino. Ungeweza kusema "huwa nafoka" ikaisha. Umeona mkono ulivyofumba, na umeona hakulia. Mtu ambaye moyo wake umekufa ganzi haoni mambo hayo.

Nikikuelewa, hali yako ni hii: unacho kila kitu ila utulivu, umeupata mahali pamoja tu, nyuma ya mlango uliofungwa, na kila unapojitahidi kuulinda unajikuta umewaumiza wale ambao ulitaka utulie kwa ajili yao. Sasa umesimama kati ya mlango mkubwa zaidi (kambi) na mlango wa mbali zaidi (chumba cha kupanga), na unauliza uingie upi.

Kabla ya milango, naomba tufanye hesabu ndogo. Unalala saa sita usiku, unaamka saa kumi na nusu. Hizo ni saa nne na nusu. Na huo ndio usiku ambao, kwa maneno yako, kichwa hakilali. Wataalamu wa usingizi wanasema mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Asiyelala vya kutosha hukasirika upesi, hushtuka upesi, husoma kitu mara tatu asikielewe. Yaani nusu ya dalili ulizoniandikia. Sisemi huo ndio ugonjwa wako wote, maana zilianza kabla ya ratiba hii. Ila inawezekana sana kwamba saa uliyoiongeza kwenye kutafakari umeikata kwenye usingizi, na hasira inayokupata hatua tatu nje ya mlango ni ya mwili uliochoka, si ya roho isiyo na amani. Na kile kimya cha usiku sebuleni, hicho usichotaka kukikatisha kwenda kulala, unakifaidi kweli au ni kuahirisha kitanda? Nauliza kwa sababu watu wengi ambao usiku vichwa vyao havilali huanza kukiogopa kitanda bila kujua.

Jambo la pili ulilisema mwenyewe ukalipita: dakika 10 zilikutua mzigo. Kumi. Dawa inayofaa kwa kijiko kimoja hatuinywi kwa kikombe.

Sasa nije kwenye neno amani. Katika barua yako, kila unapoandika amani nikiweka neno ukimya, sentensi inasimama vilevile. Je, ni kitu kimoja? Huko nyuma, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, wanasaikolojia wawili Wamarekani, David Glass na Jerome Singer, waliwafanyisha watu kazi huku kelele za ghafla, zisizo na mpangilio, zikipigwa. Baadhi walionyeshwa kitufe: ukikibonyeza kelele itakoma, ila tungependa usikibonyeze. Wengi hawakukigusa. Kelele walizosikia zilikuwa zilezile. Lakini baadaye, walipopewa mafumbo magumu, waliokuwa na kitufe walivumilia kuliko wale ambao hawakuwa nacho. Kilichowachosha wenzao, basi, hakikuwa sauti peke yake. Ni kule kukaa ukijua kwamba itakupiga wakati wowote na huna la kufanya.

Naona mlango wako ni kitufe. Hilo halina ubaya, kila mtu anahitaji kimoja. Ila linanipa maswali mawili, na yote mawili ni mazito.

La kwanza: ni kelele gani iliyokupiga ghafla ukiwa huna la kufanya? Umesema mambo yalianza kama miaka miwili iliyopita. Kurasa mbili baadaye, ukiwa unazungumzia kitu kingine, umesema baba yako anatimiza miaka miwili. Hukuziunganisha, na huenda haziungani. Mimi niko mbali na siwezi kukupima kwa barua. Lakini katika orodha yako ya vinavyokushtua, cha kwanza ni simu ikiita. Habari ya baba ilikufikiaje? Ulikuwa wapi? Nani alipiga? Huna haja ya kunijibu mimi. Ila katika barua ndefu yenye ndala, vijiko na mto wa kukalia, baba yako amepata nusu sentensi tu, na ndugu zako wamekuja kama kelele nyingine inayobisha hodi.

Mwaka 1987 mtafiti mwingine, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia wanafunzi wa chuo: kwa dakika 5 zijazo msimfikirie dubu mweupe, na akikujieni gongeni kengele. Kengele ziligongwa, bila shaka. Halafu wakaruhusiwa kumfikiria, na wale waliokuwa wamekatazwa wakamfikiria zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa kumfikiria tangu mwanzo. Msiba nao ndivyo ulivyo kwa baadhi yetu. Tunaufungia nje, na yeyote anayegonga mlango, hata akiwa na jino mkononi, tunamsikia kama yeye ndiye msiba.

Swali la pili linamhusu mke wako. Kitufe chake kiko wapi? Alfajiri ukiwa chumbani, jioni ukiwa chumbani, kuna mtu upande wa pili wa mlango anayenyamazisha watoto, anayepokea simu za ndugu zako uliowatoroka, na ambaye sasa atawapokea wao wenyewe. "Usije kutufundisha kupumua" wewe umeisikia kama kejeli, nadhani. Mimi nimesikia mtu ambaye hajapata nafasi ya kuvuta pumzi. Naweza kukosea. Kuna mtu mmoja tu wa kumuuliza, na analala pembeni yako kwa hizo saa nne na nusu kila usiku.

Sitaki ujihukumu kwa haya. Mimi mwenyewe niliwahi kumkaripia mjukuu kwa kunikatisha nilipokuwa naandika jibu kuhusu subira. Jibu lilitoka zuri sana. Mjukuu hakulisoma.

Tuje kambini. Kambi za siku 10 za ukimya si mahali pa kupumzika kama watu wanavyodhani. Katika zile za vipassana, aina mojawapo ya kutafakari, siku huanza saa kumi alfajiri, na kwa jumla mtu hukaa kutafakari karibu saa 10 kwa siku. Wako wanaotoka wakiwa wamepata kitu cha maisha, na sina sababu ya kuwabishia. Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukiondoa simu, mazungumzo, kazi na watoto, kilichokuwa kimefunikwa nacho huinuka, na wengine huinukiwa na hofu, huzuni kali au kumbukumbu wasizoweza kuzibeba wakiwa wamekatazwa kuongea. Kwa sababu hiyo waandaaji makini huuliza kwenye fomu habari za afya ya akili. Fomu yako uliijaza vipi? Uliandika kwamba umefiwa? Uliandika kwamba hulali? Kama uliyaacha, waandikie tena uone watakachosema, kwa usalama wako.

Ukienda, basi, utakuwa umekaa kimya siku 10 zilezile ambazo ndugu zako wanamzungumzia baba kwa sauti. Huenda ndivyo unavyotaka kumkumbuka, peke yako, bila maneno; wapo watu wa namna hiyo na si dhambi. Lakini ingefaa ndugu zako walisikie kutoka kwako, kwa simu uliyoitoa mlio, si kwa mkeo akiwaeleza mlangoni. Kubaki nako kuna hatari yake. Unaweza kubaki mwili sebuleni na moyo kambini, kila mgeni akicheka unamhesabia kosa, na mwaka mzima ukawadai watu amani waliyokunyima. Kubaki kwa namna hiyo naona hakumfai mtu. Kambi hurudiwa. Kuuliza kama nafasi inaweza kusogezwa ni jambo la dakika chache, na hata ukiamua kwenda utakwenda ukijua ulichagua.

Chumba cha kupanga kinanipa wasiwasi zaidi. Kulala mbali na nyumbani si ajabu, familia nyingi huishi hivyo kwa sababu ya kazi na watoto hawadhuriki. Shida yangu ni kwamba mke wako hajui. Kambi uliiomba kwa siri, chumba unakiwaza kwa siri. Na ile "nikishaipata amani kwanza" inanifanya nijiulize utajuaje kwamba umeshaipata. Nani atakuambia sasa inatosha, rudi? Miezi sita? Mtoto wa miaka 6 hajui maana ya "baba anajitafuta." Yeye anajua tu kwamba aligonga, baba akakasirika, halafu baba akahama. Sisemi usipange. Nasema mwambie mama yao wazo hili likiwa bado ni wazo, kabla halijawa funguo mfukoni.

Swali lako la mwisho, kwamba labda amani ni ya wasio na familia, nimelicheka kidogo, samahani. Waulize wanaoishi peke yao kama vichwa vyao ni kimya.

Kuna kitu kuhusu zoezi lenyewe ambacho huenda hukufundishwa. Mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya kutafakari kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, ambao wengi wao tiba za kawaida hazikuwa zimewasaidia. Hawakuahidiwa chumba kisicho na sauti, wala kichwa kitupu. Walifundishwa kuona akili imetoka, kuirudisha bila kujigombeza, na kurudia hivyo hata mara mia. Kwa mtazamo huo mtoto akigonga hajaharibu zoezi. Amekuletea sehemu yake ngumu. Najua ni rahisi kwangu kusema, si mimi niliyegongewa saa kumi na mbili asubuhi.

Kama ungependa kujaribu kitu wakati bado unafikiri, jaribu zile hatua tatu. Ukimaliza kukaa, usitoke moja kwa moja. Shika kitasa, toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta, mara nne au tano. Moyo huongeza mwendo kidogo tunapovuta pumzi na hupunguza tunapoitoa, kwa hiyo pumzi ndefu ya kutoka inaupa mwili nafasi ya kushuka. Halafu toka ukakae sebuleni dakika 10 bila kazi yoyote, wakiwa wanaburuza ndala zao. Usiwarekebishe. Siku nyingine utashindwa ndani ya dakika mbili na utainuka. Sawa tu. Na alfajiri, kwa wiki mbili hivi, rudi kwenye dakika 10 za mwanzo, saa iliyobaki uilale, uone kama hasira inabaki ileile.

Pia nenda hospitali, tafadhali. Kushtuka hovyo na kukosa usingizi kwa miaka miwili kunaweza kutokana na huzuni, na kunaweza kutokana na kitu cha mwili tu, kama tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Vipimo vitaonyesha. Ukimpata na mshauri wa kuongea naye habari za baba yako, uende kwake hata kama unaona huna la kusema. Na ikitokea siku umeona maisha hayana maana, usingoje miadi, mwambie mtu siku hiyo hiyo.

Halafu kuna ile karatasi. Nimefurahi hujaibandua. Msichana wa miaka 14 akiwa amekata tamaa na baba yake hubamiza milango, haandiki matangazo. Lakini mimi nabahatisha, mwandishi yuko chumba cha pili. Muulize alimaanisha nini, kisha unyamaze, na katika kunyamaza wewe sasa ni fundi, mpaka amalize.

Na yule mdogo, nadhani jino bado analo. Watoto hawatupi vitu hivyo haraka. Mwombe akuonyeshe.

Shangazi